Spika ya Kushoto

Gervasi wa Katonga alikuwa na amri moja nyumbani kwake, na aliyefungwa nayo ni yeye mwenyewe: mwezi ukiwa mkubwa, baba haendi ziwani. Hakuandikiwa na mtu. Aliitunga siku aliyomleta nyumbani binti yake wa kwanza, akaishika miaka kumi na minane bila kuivunja.

Asiyeijua kazi ya dagaa aelezwe kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa huifuata, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina maana, kwa kuwa ziwa zima linang'aa na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo kila mwezi, kwa siku nane au tisa, mitumbwi huvutwa nchi kavu, nyavu huanikwa, na wavuvi hupata likizo wasiyoiomba. Wengine likizo hiyo huimalizia kwenye pombe, na juu yao sina la kusema ambalo wake zao hawajalisema. Wengine, wenye bidii zaidi, huchukua nyavu za kutega na kwenda kusini, Ilagala na mbele ya hapo, kutafuta migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, wakalala kambini mpaka giza lirudi.

Baba yake Gervasi alikuwa mmoja wa hao wenye bidii. Alivua giza, akavua na mwezi, akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma wakati majirani wote walikuwa kwenye udongo. Mwanawe alimjua kwa kikohozi chake mlangoni alfajiri. Gervasi alizoea kusema kwamba hakumbuki kumwona baba yake amekaa kitako.

Ndiyo maana siku Leonida alipotoka kujifungua, akiwa amembeba Winfrida kwenye khanga mpya, Gervasi alimwambia mkewe kwamba mtoto huyu atamwona babake amekaa. Leonida alidhani ni maneno ya furaha. Mwezi ulipokuwa mkubwa, wenzake wakapakia nyavu kwenda Ilagala, na Gervasi akabaki uani kwake, anamwogesha mtoto.

Nyumba yao ipo juu kidogo ya mwalo, ufuko wa kushushia samaki, pale unapoanza kuisahau harufu ya dagaa lakini bado ipo. Sebuleni kulikuwa na kitu ambacho Gervasi alikipenda kuliko vyote visivyokuwa na roho: redio kubwa ya kaseti aliyoinunua kwa mfanyabiashara kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Spika zake za asili zilikufa zamani. Gervasi alitengeneza makasha mawili mapya kwa mabaki ya mbao za mninga kutoka kwa mafundi wa mitumbwi, akayapiga randa, akayapaka mafuta, akafunga spika alizozitoa kwenye redio za gari. Hiyo ndiyo iliyokuwa starehe yake. Mtu mwingine angecheza bao, yeye alichokonoa nyaya.

Muziki wake ulikuwa rumba za zamani za Kongo na dansi za hapa nchini, za wakati ule wimbo ulipokuwa na subira: waimbaji wanaanza polepole, wanaeleza shida yao, halafu magitaa yanaachiwa uwanja mpaka mwisho. Kaseti zilipoanza kukwama, kijana wa duka la simu alimhamishia nyimbo zote kwenye flashi, na fundi mwingine akaipachikia redio ile mahali pa kuichomeka. Kaseti zenyewe hakuzitupa. Zilipangwa juu ya kabati kama vyombo vya wageni.

Katika siku hizo za mwezi mkubwa kila mtu wa nyumba ile alikuwa na siku yake. Siku ya kwanza Gervasi alilala, hiyo ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Leonida. Ya tatu ya Winfrida, ya nne ya Fabian, ya tano ya Joanitha, kitinda mimba. Kila mmoja alikuwa na wimbo wake, ule ambao Gervasi alikuwa akiupiga sana wiki aliyozaliwa; wa Leonida ni ule uliokuwa ukipigwa siku ya posa. Saa kumi jioni wimbo wa mwenye siku uliwekwa, na mwenye siku akacheza na baba katikati ya sebule huku wengine wakipiga makofi. Ukiisha, wote walikaa, na mwenye siku aliruhusiwa kusema lolote lililomkaa moyoni. Swali, lawama, kosa alilolifanya. Baba na mama walitakiwa kusikiliza na kujibu. Kwa siku hiyo hapigwi mtu wala hanuniwi mtu.

Yalisemwa mengi pale. Winfrida akiwa na miaka kumi na miwili alimwambia baba yake kwamba akija shuleni wenzake hufunika pua. Gervasi akasema amesikia, na kikao cha wazazi kilichofuata alikuja amejisugua kwa ndimu, amevaa shati la kanisani. Leonida alilalamika kwamba husifiwa chakula chake wakiwepo wageni tu. Tangu siku hiyo Gervasi alimsifia hata uji. Joanitha, mwenye miaka mitano, kila mwezi aliuliza jambo lile lile, kwa nini baba anakoroma, na kila mwezi alipewa jibu jipya.

Wavuvi wenzake walimcheka. Thobias, aliyevuta wavu naye mtumbwi mmoja, alimpa jina la nahodha wa sebuleni.

"Nahodha wa sebuleni, upepo ukoje leo?" alimwuliza akipita mbele ya nyumba na gunia la nyavu.

"Shwari," Gervasi alijibu. "Msalimie mkeo, kama bado unamkumbuka sura."

Katika watoto wake watatu, Fabian ndiye aliyeurithi muziki. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, mwembamba, mwenye haya, mtoto wa kuulizwa mara mbili ndipo ajibu. Lakini mbele ya redio alikuwa mtu mwingine. Aliweka kigoda katikati ya makasha mawili, akafumba macho. Wimbo wake ulikuwa na magitaa mawili yanayojibizana mwishoni, moja upande wa kushoto na jingine wa kulia, naye aliweza kuyafuata yote mawili kwa vidole juu ya rula yake ya shule, kana kwamba ndiyo gitaa, huku na huku, bila kukosea. Gervasi alimtazama kwa fahari isiyofichika. "Huyu anasikia muziki," alimwambia mkewe. "Sisi wengine tunasikia kelele."

Mwaka jana ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapumzike na kuzaana. Hiyo ni amri ya serikali na ni amri njema, lakini nyumba ya mvuvi haifungwi pamoja na ziwa. Gervasi alibeba matofali, akaziba nyufa za mitumbwi ya watu, akauza mbuzi wake wawili. Ziwa lilipofunguliwa Agosti, ndani hakukuwa na kitu. Na wiki hiyo hiyo Winfrida akapata nafasi katika chuo cha ualimu. Alitakiwa kuripoti Oktoba na ada ya muhula, godoro na sanduku la bati.

Mitumbwi ilirudi majini kwa shangwe, na watoto wa mwaloni wakarudia mchezo wao wa kukwea nguzo za mitumbwi ya dagaa na kujirusha ziwani. Leonida alikuwa amewapiga marufuku wanawe mchezo huo, kwa kuwa mtoto wa jirani alikatwa mguu na panga la injini. Alishaapa kwamba atakayekamatwa atachapwa mpaka ziwa limsahau. Fabian alikwea. Alipojirusha aliteleza, akaangukia ubavu, na maji yakampiga sikio la kushoto kama kibao cha mtu mzima. Alitoka na mluzi kichwani. Alipojifuta aliona damu kidogo kwenye kidole.

Hakumwambia mtu. Si kwamba hakukusudia kusema. Alikusudia kabisa, na alijua lini: siku ya nne ya mwezi, saa kumi jioni, wimbo wake ukiisha. Siku hiyo angesema aliruka kwenye mtumbwi, angesema sikio linauma, na asingepigwa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushee. Akangoja kama alivyofundishwa kungoja.

Mwezi ulipokaribia, Nassib alifika nyumbani kwa Gervasi. Nassib ni mtu wa Kasingirima, Ujiji, mwenye mtumbwi ambao Gervasi aliuongoza. Wavuvi humwita Tajiri, ingawa naye miezi ile mitatu ilikuwa imemkausha. Alikaa, akaandaliwa chai, akaeleza shida yake taratibu. Migebuka ilikuwa imejaa Ilagala. Alikuwa na nyavu za kutega lakini hakuwa na kiongozi anayemwamini. Angempa Gervasi fungu la nahodha na nusu nyingine juu yake, kwa mwezi ule mmoja tu.

"Tajiri, unaijua amri yangu," Gervasi alisema.

"Naijua, na sijawahi kukuomba uivunje," Nassib alisema. "Hata leo sikuombi. Nakueleza tu kwamba samaki wapo."

Alikunywa chai yake akaondoka. Ilikuwa afadhali angeomba, maana ombi lina jibu. Gervasi alibaki anatazama mlango wa chumba cha mabinti, ambako Winfrida alikuwa amejifungia tangu mgeni aingie. Binti yule hakuwahi kumwomba baba yake godoro. Alikuwa ameanza kushona magunia mawili pamoja ili ajaze majani.

Magunia hayo ndiyo yaliyomshinda. Jioni yake Gervasi aliwaita wote sebuleni, akawaeleza kama watu wazima. Atakwenda Ilagala mwezi huu, siku tisa, kwa ajili ya dada yao. Leonida hakupinga, alisema tu kwamba nyumba itakuwa pana. Joanitha aliuliza nani atakoroma. Gervasi akacheka, akampakata.

"Siku zenu sijazifuta," alisema. "Nimezisogeza. Mwezi ujao kila mtu anayo yake."

Fabian alikuwa amesimama karibu na redio, ameshika kasha la spika. "Na yangu pia?" aliuliza.

"Na yako pia."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayeegemea kitu kisichokuwepo. Baba yake aliona, akadhani ni huzuni ya safari.

Gervasi alikaa Ilagala siku tisa. Samaki walikuwepo kama Nassib alivyosema, na Nassib alilipa kama alivyoahidi. Katika habari hii hakuna mwizi. Godoro likanunuliwa, sanduku likapakwa rangi ya bluu na jina la Winfrida likaandikwa kwa brashi. Giza liliporudi Gervasi alirudi kwenye dagaa, akavua usiku na kulala mchana kama kawaida. Nyumba ilirudi kama ilivyokuwa.

Lakini Fabian alibadilika. Aliitwa asiitike. Aliagizwa chumvi akaleta majani ya chai. Leonida, aliyekuwa juani kutwa anageuza dagaa, alisema mtoto ameota jeuri, na siku moja alimchapa kwa kuitwa mara nne bila kujibu. Shuleni aliambiwa amekuwa mzembe. Joanitha ndiye pekee aliyesema kweli. Alisema hataki kulala karibu na Fabian kwa kuwa sikio lake linanuka. Alikanywa asimtukane kaka yake. Fabian alikuwa ameanza kuziba sikio kwa sufi aliyoitoa kwenye mto, na kila asubuhi aliifukia nyuma ya choo. Maumivu yalikuwa yamepungua, na hilo alilihesabu kuwa heri. Alihesabu pia siku.

Mwezi wa Oktoba ulikua. Winfrida aliondoka kwenda chuoni siku ya pili, na siku yake ikafanywa asubuhi kabla ya basi. Alicheza na baba yake amevaa viatu vya safari. Siku ya nne ilikuwa ya Fabian. Leonida alipika ugali wa muhogo na migebuka kwa mawese, chakula alichokipenda. Saa kumi Gervasi aliweka wimbo. Walicheza. Kisha magitaa yakaachiwa uwanja, na Fabian akaenda kwenye kigoda chake, akafumba macho. Vidole vyake vilianza juu ya rula, vikasita, vikaanza tena.

"Baba," alisema, "spika ya kushoto iko mbali."

Gervasi akainama nyuma ya kasha, akabana nyaya, akaweka kiganja mbele ya spika akaisikia inapumua. "Inafanya kazi."

"Iko mbali."

Gervasi hakubishana. Alimsimamisha, akageuza kigoda, akamkalisha akiipa redio mgongo, halafu akaurudisha wimbo nyuma. Ndivyo fundi anavyotafuta kasoro: anageuza kimoja aone kama kasoro inahama.

"Sasa je?"

Fabian alisikiliza muda mrefu. "Sasa ile ya kushoto imekuja karibu. Ile nyingine ndiyo iko mbali."

Gervasi aliuzima wimbo katikati. Hakuwahi kufanya hivyo tangu redio ile iingie ndani. Alichuchumaa mbele ya mwanawe, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa taratibu, akaiona sufi.

"Leo ni siku yangu," Fabian alisema. "Nikisema sipigwi?"

"Hupigwi."

"Na Mama?"

Leonida alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. "Sikupigi, mwanangu."

Akasema yote. Nguzo, kuteleza, damu, usaha, sufi. Alisema kwa mpangilio, kama mtu aliyekariri somo lake muda mrefu. Gervasi alimwuliza ilikuwa lini.

"Kabla hujaenda Ilagala. Nilikuwa nangoja siku yangu. Halafu ukasema umeisogeza."

Leonida aliweka sahani chini, akaenda kukaa karibu na mwanawe upande wa sikio zima, akamwambia kitu ambacho sisi majirani hatukuambiwa, na hatuna haki ya kukijua.

Kesho yake walikuwa hospitalini tangu saa moja. Sikio lilioshwa, dawa zikatolewa, na baada ya wiki tatu usaha ukakauka. Mganga wa masikio alimpima mara mbili. Alieleza kwa upole kwamba ngoma ya sikio ilipasuka siku ile ya ziwani, jambo ambalo mara nyingi hupona lenyewe, lakini uchafu ulikaa mle wiki nyingi na kula vifupa vinavyopeleka sauti ndani. Sikio halitamwuma tena. Kusikia hakutarudi. Gervasi aliuliza kama wangekuja mwanzo wa mwezi wa tisa ingekuwaje. Mganga alisema asingependa kujibu swali hilo. Gervasi akashukuru.

Watu wa mwaloni wamegawanyika juu ya jambo hili. Thobias husema kosa ni la mtoto aliyekwea nguzo. Wengine husema ni la mama. Mimi sikubaliani nao. Sisemi Gervasi alikosea kumtafutia binti yake godoro. Baba asiyefanya hivyo simwiti baba. Nasema alimfundisha mtoto kwamba ipo siku ya kusema, kisha siku hiyo akaiondoa. Aliyewawekea watoto mlango mmoja tu wa kuingilia hana ruhusa ya kuufunga, hata kwa siku tisa, hata kwa sababu nzuri. Na kama nyumba ingekuwa na milango mingine, ule mmoja usingebeba uzito wote huo. Hayo nimeyasema mbele yake, naye hakuyakataa. Alisema yeye mwenyewe amejisemea makali zaidi.

Amri mpya ameiweka, na hii inawafunga wote: mwenye la kusema aseme leo, na hapigwi siku yoyote kwa alilolisema mwenyewe. Nyimbo na siku za kucheza zimebaki palepale. Nassib alipita tena mwezi wa kumi na moja, migebuka ikiwa mingi. Aliandaliwa chai, akaambiwa hapana, na hakuuliza mara ya pili.

Kuhusu redio, Gervasi aliyafumua makasha yake mawili ya mninga. Ilimchukua siku tatu za mwezi. Alitengeneza kasha moja refu, akazifunga spika zote mbili humo, moja juu ya nyingine, akaliweka upande wa kulia wa kigoda. Sasa magitaa yote mawili hutoka mahali pamoja. Fabian huyafuata kwa vidole kama zamani, isipokuwa huchelewa kidogo yanapopokezana, na baba yake humngoja.

Winfrida amemaliza muhula wa kwanza, na godoro lake bado ni jipya. Amri ile ilivunjwa mara moja katika miaka kumi na minane, kwa muda wa siku tisa. Iligharimu sikio la kushoto la Fabian.